Kupaka Mawe Rangi Si Kukosa Kazi

Wiki tatu zimepita tangu niweke ile vidio ya sekunde arobaini. Kama hukuiona, hukukosa mengi. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba hapa Voi, mbele yangu kuna mawe saba ya mtoni, kikombe cha udongo mwekundu niliouchuja, na mswaki wa zamani. Nachora kobe. Basi. Hakuna muziki wa maana, hakuna mahubiri.

Komenti ya kwanza ilifika kabla chai yangu ipoe. "Kwani uliacha chuo ndio ukuje kupaka mawe rangi?" Watu wakaipenda hiyo komenti kuliko walivyoipenda vidio. Ya pili ikasema hizi ni tabia za wazungu waliokosa kazi. Ya tatu ilikuwa ya binamu yangu, na hiyo siiandiki hapa kwa sababu mamake husoma hizi posti.

Siku hiyo sikujibu. Nikijibu nikiwa na hasira huwa najuta kesho yake. Lakini leo nimepoa, na nitajibu kwa historia, maana ndilo somo nililolipenda kabla karo inishinde nirudi nyumbani.

Tuanze na wewe msomaji. Wewe pia umeshapaka mawe rangi. Usikatae. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya hii, kuna wiki moja kila mwaka, kabla wazazi waje au kabla afisa wa elimu atembelee, mlitolewa darasani mkapewa debe la chokaa na brashi ya katani. Mawe yote yaliyopanga njia kutoka geti hadi ofisi ya mwalimu mkuu yakapakwa meupe. Mawe yaliyozunguka mlingoti wa bendera, meupe. Mawe ya kitalu cha maua, meupe. Ukirudi nyumbani na chokaa kwa sweta unachapwa tena huko.

Ukienda kwa chifu, mawe ni hayo hayo. Ukienda kituo cha polisi, ni hayo hayo. Huu mtindo tuliurithi kutoka kambi za wakoloni. Jeshi la Uingereza lilipenda mawe yaliyopangwa sawa na kupakwa chokaa, na utawala uliojengwa na watu hao hao ukabeba ile picha hadi kwa boma la DC, kisha ikaingia shuleni. Jiwe jeupe kando ya njia lilikuwa linakuambia: hapa kuna mkubwa, tembea katikati, usikanyage nyasi. Uhuru ulikuja 1963. Wakubwa walibadilika, chokaa ikabaki.

Kwa hivyo ukiniambia kupaka mawe ni tabia ya mzungu, uko sawa nusu. Ile ya chokaa, ndiyo. Na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuuliza shule kwa nini inapoteza muda na mawe. Ni mimi nikichora kobe ndio inakuwa shida. Yaani jiwe likipakwa kwa amri ni usafi, likipakwa kwa sababu mtu amependa ni uvivu?

Sasa turudi nyuma, mbali kabisa.

Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kitu kidogo sana kilichotoka Pango la Blombos, pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Ni kipande cha jiwe chenye urefu wa kama sentimita nne. Kinatoshea kwa vidole viwili. Juu yake kuna mistari tisa myekundu: sita imelala karibu sambamba, na mitatu inaikata. Mtu aliichora kwa kipande cha udongo wenye chuma, akikishika kama wewe unavyoshika krayoni. Umri wake ni kama miaka 73,000. Watafiti walioufanyia kazi walisema ndio mchoro wa zamani zaidi wa mkono wa binadamu uliokuwa umejulikana hadi wakati huo.

Soma hiyo tena pole pole. Mchoro huo ulikuwa juu ya jiwe dogo. Si ukuta wa jumba la mfalme, wala ngozi ya thamani. Ni jiwe la kushika mkononi, rangi ya udongo, mistari michache. Ukipiga picha hicho kipande ukiweke kwa ukurasa wangu, kuna mtu ataandika chini yake "kazi imeisha duniani?"

Na usidhani ni mambo ya huko chini tu. Mwaka huo huo wa 2018 kulitoka habari za Olorgesailie, kule Bonde la Ufa, kama kilomita 70 kusini magharibi mwa Nairobi. Watafiti walipata mawe ya rangi, mekundu na meusi, katika tabaka za ardhi zenye umri wa kama miaka 300,000. Mengine yalikuwa na alama za kusagwa. Kuna mtu alikaa chini, miaka laki tatu iliyopita, akasaga jiwe ili apate rangi. Alipaka nini nayo, labda ngozi, labda mwili wake, haijabaki. Lakini alihangaika na rangi.

Karibu zaidi na sisi ni Panga ya Saidi, Kilifi. Hilo pango watu wamelitumia kwa miaka 78,000 hivi. Ndimo alimopatikana yule mtoto aliyezikwa kwa uangalifu, amekunjwa kama amelala, ambaye habari zake zilitangazwa 2021 na akapewa jina Mtoto. Katika pango hilo pia kumetoka shanga za maganda ya mayai ya mbuni na vipande vya udongo mwekundu vilivyofanyiwa kazi. Kutoka Voi hadi huko, ukipita Mombasa, ni safari ya siku moja na pesa ya chipsi inabaki.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha vijana wa rika letu.

Ukitoka Voi kwenda Nairobi kwa Mombasa Road, ukikaribia Athi River utaona kilima cha mawe kinaitwa Lukenya. Siku hizi watu huenda kupanda miamba na kupiga picha za wikendi. Katika vibanda vya mawe vya kilima hicho kuna michoro, na mingi inahusishwa na morani wa Kimaasai. Morani walikuwa na desturi ya kwenda mbali na manyata, wachinje ng'ombe, wale nyama na wanywe supu ya mizizi kwa siku nyingi. Huitwa olpul. Ni vijana watupu, hakuna mzee anawaangalia. Shughuli ikiwa imepoa, tumbo limejaa, mtu anachukua mafuta ya nyama, anachanganya na udongo mwekundu, na udongo mweupe, na makaa. Kisha anachora kwa mwamba: mapambo ya ngao yake, alama za kuchoma ng'ombe.

Hebu fikiria hiyo picha. Vijana wa miaka kumi na kitu na ishirini na kitu, wamekula, wamepumzika, wanachora. Kama ungekuwa na simu enzi hizo ungewauliza kama wamekosa kazi? Hao ndio walikuwa jeshi. Ngao ile ilikuwa inasema mtu ni wa rika gani na ametoka upande gani. Walikuwa wanaandika "tulikuwa hapa" kwa lugha yao, na walikuwa na haki ya kuandika, kwa sababu mahali pale palikuwa pao.

Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, Kondoa, kuna vibanda vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro kando ya Bonde la Ufa. UNESCO iliviweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna michoro myekundu ya watu wembamba warefu, twiga, ndovu na swara, inayohusishwa na wawindaji wa kale. Juu yake au kando yake kuna michoro meupe, minene, iliyokuja baadaye na watu wa jembe. Mary Leakey alipiga kambi huko 1951 akainakili kwa mkono, na 1983 akatoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linasema sanaa hii inatoweka. Na Uganda, kule Nyero, wilaya ya Kumi, kuna miduara myekundu ndani ya miduara, ambayo wengi huisema ni ya Watwa.

Sasa najua kuna mtu wa Taita anasoma hii anauliza: na sisi je? Kwetu kuna nini?

Hapo ndipo nililazimika kusoma historia kwa nyanya yangu, na nilianza kwa kukosea.

Desemba iliyopita nilipanda matatu ya Wundanyi, ile njia ya kona ambayo ukikaa dirishani unaona Mwatate chini kama ramani. Nyanya anaishi juu kule. Nyuma ya shamba lake kuna mwamba mkubwa, umejitokeza mbele kama paa, na uso wake ni laini kabisa. Nimeuona tangu utotoni lakini mwaka jana niliuangalia kwa jicho la mtu anayetafuta kontenti. Nikawaza: ndovu mwekundu, mita tatu, kutoka ardhini hadi juu. Ninaanza alfajiri, namaliza jioni, natoa vidio ya kuharakishwa. Hiyo ingetembea.

Kulikuwa na rangi nyeupe imebaki baada ya binamu kupaka nyumba, karibu nusu ya kopo la lita nne. Nikaichukua pamoja na brashi. Nyanya alikuwa anapalilia maharagwe. Akaniona napita.

"Unaenda wapi na hiyo rangi?"

Nikamwambia. Nilimwambia na furaha hata, nikamwonyesha kwa mikono ndovu atakuwa mkubwa kiasi gani.

Akaweka jembe chini. "Hapo ni kwa watu."

"Nyanya, hapo hakuna mtu."

"Wako."

Hakuongeza neno kwa muda. Kisha akaniambia nikae, na mimi nikakaa na kopo langu la rangi katikati ya miguu kama mtoto amefumaniwa.

Zamani, Wadawida walipozika mzee, kaburi halikuwa mwisho. Baada ya mwaka au zaidi, mwili ukishakuwa mifupa, kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa kwa heshima na kupelekwa chini ya mwamba wa ukoo. Mafuvu yalipangwa hapo, kizazi kwa kizazi. Mvua ikikataa, ugonjwa ukiingia, wazee walienda pale kutambika na kuongea na waliotangulia. Ukoo ulijua mwamba wake kama wewe unavyojua mlango wa kwenu. Na kulikuwa na misitu pia, inaitwa fighi, ambayo hukuruhusiwa kukata mti ovyo kwa sababu ilikuwa inalinda nchi. Mwamba na msitu ndio walikuwa maktaba na kanisa na ofisi.

Kisha mambo yakabadilika. Mmisionari J. A. Wray wa Church Missionary Society alifika Sagalla, kile kilima unachokiona ukiwa hapa Voi mjini, mwaka 1883. Baada yake zikaja misheni nyingine, shule, reli, serikali ya kikoloni. Wafu wakaanza kuzikwa kando ya kanisa na kubaki humo. Kufikia wakati nyanya anazaliwa, hakuna aliyekuwa anapelekwa tena mwambani. Lakini waliopelekwa zamani walibaki, na mapango kadhaa ya mafuvu yapo hadi leo katika vilima hivi.

Nyanya ni Mwanglikana. Anaimba kwaya, ana kitambaa cha Muungano wa Akina Mama, na hakosi Jumapili. Hatambiki. Lakini aliniambia alipokuwa msichana hawakuruhusiwa hata kuokota kuni chini ya mwamba ule, na hadi leo hajawahi kuokota. Nikamuuliza, kama haamini, anaogopa nini? Akanicheka.

"Nani amekuambia naogopa? Wewe ukienda kwa mtu unamchorea mlangoni?"

Hiyo ilinimaliza. Yaani nilikuwa nimepanga kuchora ukumbusho wa Taita juu ya ukumbusho wa Taita. Nilitaka kuandika "tulikuwa hapa" juu ya watu ambao kweli walikuwa hapo, na bado wako.

Na mimi si wa kwanza. Tembea milima yetu, nenda kwa mwamba wowote wenye njia ya kufikika na mandhari mazuri. Utakuta majina. Herufi mbili na moyo katikati. Jina la shule na mwaka waliokuja ziara. Namba ya simu ya fundi. Rangi ya dawa ya kupuliza, makaa, msumari. Ni hivyo Afrika Mashariki nzima, na hata mapango yenye michoro ya maelfu ya miaka hayajapona. Mtu alikaa pale akachora twiga kwa kidole, twiga akavumilia mvua na jua na moshi, kisha kijana mmoja na kopo la rangi akamaliza kazi kwa dakika mbili. Sheria ipo, ile ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na kuharibu mnara wa kihistoria ni kosa. Lakini askari hawezi kusimama kwa kila mwamba. Kinachobaki ni wewe na brashi yako na kile ulichofundishwa.

Utaniuliza, kwani morani wa Lukenya si walifanya hivyo hivyo? Hapana, na hii ndiyo hoja yangu yote. Wao walichora mahali pao, alama ambazo wenzao walizielewa, ndani ya desturi iliyokuwa na masharti yake. Hata Kondoa hadi miaka ya karibuni kuna vibanda watu bado wanaenda kuomba mvua na uponyaji, kama pale Mungomi wa Kolo. Mwamba wa aina hiyo una wenyewe. Mimi nilikuwa naenda kwa mwamba wa watu na wazo nililolipata kwa simu.

Nikamuuliza nyanya, sasa nifanye nini, maana kusema kweli nilikuwa na hamu ya kuchora. Tangu nitoke chuo mikono yangu haikuwa na kazi ambayo ni yangu. Nilikuwa nabeba mizigo ya duka la mjomba asubuhi, jioni naangalia wenzangu wakiposti picha za kuhitimu. Hilo sikumwambia, lakini nadhani aliliona.

Akasema: "Kama mkono unakuwasha, chora kitu unachoweza kubeba."

Nilishuka Voi na hilo neno. Na baadaye nikisoma nikagundua hata hilo si geni. Namibia, katika pango moja kusini mwa nchi, mtafiti kutoka Ujerumani, Wolfgang Erich Wendt, alipata vibao vya mawe vilivyochorwa wanyama, vyenye umri wa zaidi ya miaka 25,000. Ilikuwa 1969, mwaka wanaanga walipotua mwezini, na pango likaitwa Apollo 11. Vibao vile si ukuta. Unaweza kuvibeba. Kuna mtu wa kale aliyekuwa na wazo la nyanya yangu.

Na hawa wazungu mnaowasema, wao walilirudia juzi tu. Mwaka 2015, Cape Cod, Marekani, mama mmoja anayeitwa Megan Murphy alianza kuandika maneno ya kutia moyo kwa mawe ya ufukweni na kuyaacha watu wayaokote. Ikasambaa. Wakati wa korona 2020 watoto wa Uingereza walipanga mawe ya rangi njiani yakawa kama nyoka mrefu, kila mtoto anaongeza lake. Lakini huko pia mbuga za taifa ziliwaambia watu wasiache mawe yao humo, kwa sababu hata kitu kizuri mahali pasipo pake ni takataka. Nyanya hajawahi kusikia Cape Cod. Wamefika mahali pamoja.

Sasa, jinsi ya kufanya, kwa sababu nimeongea sana na wengine mlikuja kwa hiyo.

Jiwe: tafuta laini, saizi ya kiganja. Usichukue ndani ya mbuga, usichukue kwa shamba la mtu bila kuuliza, usichukue karibu na mapango. Mawe ya mtoni au kokoto iliyobaki mahali wanajenga yanatosha. Na ukiwa Voi jiandae, kwa sababu watu wakikuona umeinama unaokota mawe watadhani umepata tsavorite. Hii ni kaunti ya vito. Lile jiwe la kijani ambalo Campbell Bridges alilipata, na kampuni ya Tiffany ikalitangaza duniani 1974 kwa jina la Tsavo yetu, limefanya kila mtu hapa aangalie chini akitembea. Jamaa mmoja alinifuata hadi nyumbani akitaka tugawane. Nikamwonyesha kobe. Alisikitika sana.

Osha jiwe, lianike likauke kabisa.

Rangi: hapa Voi uko na bahati. Huu udongo unaokuchafulia raba nyeupe, huu unaofanya ndovu wa Tsavo waonekane wekundu, ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na ni ndugu wa ule waliotumia Blombos. Uponde, uchuje na chujio la chai la zamani mpaka ubaki unga laini. Nyeusi ni makaa ya kusaga. Nyeupe tumia chaki iliyopondwa. Chokaa waachie wakubwa, inachoma macho na ngozi.

Cha kushikisha: hapa nilifeli mara mbili. Maji peke yake, rangi ikikauka inapukutika ukigusa. Mafuta ya kupikia, wiki nzima jiwe bado linanata na nzi wanakuja. Mara ya tatu nikatumia kiini cha yai, matone machache ya maji, nikachanganya na unga wa udongo mpaka ikawa kama uji mzito. Ikashika. Ukipata utomvu wa mgunga, ule unaokauka kwa gome kama kaharabu, uloweke usiku kucha, unashika pia, lakini hilo jiwe usilinyeshee.

Brashi: mswaki wa zamani, kijiti ulichotafuna ncha, au kidole. Kidole kimechora Kondoa, hakiwezi kushindwa na Voi.

Kauka kivulini. Dakika arobaini na umemaliza, na hujatumia hata shilingi ishirini ukiondoa yai. Kama ukoo wako una alama, mnyama, pambo la kikapu, anza na hiyo. Kama huijui, mpigie simu mtu aliyekuzidi miaka arobaini umuulize. Mimi hiyo simu ilichukua saa moja na nusu, na ndiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko kuchora.

Je, inalipa? Najua utauliza, hata mamangu aliuliza. Nimeuza mawe mawili, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu wanunuzi ni marafiki na walinihurumia. Mengine niliyagawa. Sijapata kazi kupitia mawe. Bado nabeba mizigo ya mjomba. Lakini kuna mwaka mzima nilikuwa nikiulizwa "siku hizi unafanya nini" nataka ardhi ipasuke niingie. Sasa nina jibu. Nachora, na najua ninachokichora kimetoka wapi. Chuo kilinipa vitabu nikaviacha kwa sababu ya karo, sawa. Hakuna aliyesema somo lenyewe lazima libaki huko.

Kwa hivyo, wewe wa komenti ya kwanza, jibu lako ni hili. Ndiyo, nimeacha chuo, na ndiyo, napaka mawe rangi. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na hiki cha pili kimefanywa na vijana wa bara hili tangu kabla kuwe na chuo popote duniani. Njoo Jumamosi nyuma ya nyumba, ndoo nyingine ipo. Kuja na yai lako.

Lile jiwe la kobe nilimpelekea nyanya mwezi huu. Aliligeuza geuza, akasema kobe amenona. Kisha akaliweka juu ya kifuniko cha debe la unga, panya wasifungue. Mwamba ule wa nyuma ya shamba bado hauna rangi.